Sista Naja na Fundi wa Pancha

Nianze na jina langu la kazini, maana najua mtaliulizia. Naitwa Sista Naja. Sikupewa na mama yangu, nimepewa na wauguzi wenzangu, na kusema kweli nililitolea jasho. Kwa miaka kumi na moja, kila mgonjwa alipofariki wodini na mtu akaniita, "Sista, njoo tusaidiane kumwandaa," nilijibu kwa sauti tamu kabisa, "Naja!" Halafu siji ng'o. Nitakumbuka ghafla kwamba dripu ya kitanda cha kumi inakwisha. Nitakumbuka kuna karatasi zinanisubiri maabara. Siku moja nilikumbuka kusugua sinki la chumba cha dawa, sinki ambalo halikuwa na hata doa. Nikirudi nakuta toroli limeshaondoka na godoro limeshafutwa kwa dawa, nami najishika kiuno na kulalamika, "Jamani, mmeshamaliza? Si mngenisubiri!"

Chekeni tu, nimezoea.

Ila msidhani nilikuwa mvivu, hapo tutagombana. Nimesafisha vidonda ambavyo hata wenyewe walikuwa hawataki kuviangalia. Nimepigwa kofi na mzee aliyekuwa anaweweseka kwa homa, nikamfunika shuka vizuri na kumwambia asante. Mtu akiwa hai simwogopi, hata awe na hali gani. Taabu yangu ilikuwa kwa aliyekwisha kufa, na hata huyo nilikuwa naweza kumfumba macho, naweza kumnyoosha mikono. Nilichokuwa siwezi ni kumgeuza.

Sababu ninayo. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, na mwalimu wetu alituchukua watatu kutufundisha kuandaa mwili: unafumba macho, unanyoosha viungo, unafunga taya kwa bendeji inayopita chini ya kidevu mpaka utosini, unaosha, unamgeuza ubavu ili uoshe mgongo, unamfunga shuka safi. Marehemu alikuwa bibi mmoja mwembamba mno. Kazi ya kugeuza nikapewa mimi, kwa kuwa darasani nilikuwa na mdomo mrefu. Nikamshika bega na nyonga, nikamvuta kwangu, na bibi wa watu akaguna karibu kabisa na sikio langu. "Hhhaaa." Haikuwa kelele. Ni ile sauti anayoitoa mtu mzima akifika nyumbani, akakaa kitini na kuvua viatu.

Nilitoka nduki. Kiatu kimoja kilibaki wodini. Nilipopata fahamu zangu nilikuwa chumba cha kufulia, nimekaa juu ya rundo la mashuka machafu, na mfuaji ananiuliza kama nataka maji.

Mwalimu alinieleza bila kunigombeza. Mtu akifa, hewa kidogo hubaki kifuani. Ukimgeuza, kifua kinabanwa, hewa inapita kooni na koo linalia. Basi. Swali hilo lilikuja hata kwenye mtihani na nikapata alama zote. Kichwa kilielewa, mwili ukakataa katakata. Kwa sababu mimi, naomba hapa msinicheke sana, sauti yenyewe ningeivumilia. Niliogopa itakayofuata. Nilikuwa na hakika kwamba siku moja nitamgeuza mtu, ataguna, halafu atafumbua jicho moja na kuniuliza, "Sista, mbona mapema hivi?"

Basi nikawa mtu wa kubadilishana kazi. "Nichukulie huyu, nikuchomee sindano zako zote za leo." "Nichukulie huyu, wewe Jumapili ukapumzike, nitakuja mimi." Wenzangu walifaidi, mimi nikapona, na miaka ikaenda. Lakini mambo ya kujificha yana siku yake.

Siku yangu ilikuwa Jumatatu moja, saa mbili asubuhi. Mama mmoja aliyekuwa kitanda changu alikata roho wakati wodi imejaa wagonjwa wapya waliopata ajali. Kila mtu ana mikono miwili na yote ina kazi. Mwenzangu akaniambia, "Huyo mama yako shughulika naye mwenyewe leo," nikasema naja, nikavuta pazia la kitanda, nikaingia stoo ya vifaa kupanga maboksi ya sindano. Nikayapanga kwa ukubwa. Nikayapanga tena kwa rangi. Wenzangu walipoona pazia limefungwa wakajua nimemaliza. Saa sita mwanawe alifika.

Taya la maiti likishakakamaa halirudi. Yule kijana alimkuta mama yake mdomo wazi, jicho moja limefumba na jingine halijafumba. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliweka kiganja chini ya kidevu cha mama yake akausukuma mdomo ufungike, alipoachia ukafunguka. Akasukuma tena. Nilisimama pale na boksi la sindano mkononi, na aibu niliyoipata siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Metroni alikuwa mgeni kwetu, ana mwezi mmoja. Mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Kesho yake kwenye ripoti ya asubuhi hakutaja jina la mtu. Alisema tu, "Kuanzia leo, kitanda chako ni mgonjwa wako mpaka dakika ya mwisho, na baada ya hapo pia. Hakuna kubadilishana. Asiyeweza aje aniambie, nimpeleke dirisha la kadi akaandike majina ya watu." Halafu akavaa miwani na kuniangalia mimi. Weee! Wodi ile ndiyo maisha yangu. Dirisha la kadi ningekauka kwa wiki moja.

Hapo ndipo udaku wangu ukapata kazi ya maana. Nilijiambia, hawa wenzangu wanawezaje? Wana roho ngapi? Nikaanza kuwauliza mmoja mmoja, tukikunja shuka, tukinywa chai, hata chooni kwenye foleni. "Hebu niambie kweli. Maiti humwogopi?" Nilitegemea wataniambia hawaogopi. Loo! Kumbe nilikuwa nimekaa miaka kumi na moja katikati ya waoga wenzangu.

Mama Pacha, ambaye ni mkongwe kuliko sote, huvaa glavu jozi mbili, ya tatu huiweka mfukoni. Akimwandaa mtu, siku hiyo nyumbani hapiti mlango wa mbele. Anazunguka uani, anaoga kwanza, ndipo awaguse wanawe, na hao pacha sasa wana ndevu. "Unaogopa nini hasa?" nikamuuliza. Akafikiri. "Sijui, mdogo wangu. Naona nikipita mbele, kitu kitapita nyuma yangu." Kitu gani? Hajui. Amesomea uuguzi, anajua vijidudu kwa majina yao yote, lakini hicho kitu hakikuwa kwenye kitabu.

Kaka Redio, muuguzi mwanamume pekee wa zamu yetu, huzungumza na maiti mfululizo. Anamweleza hali ya hewa, anampa matokeo ya mpira, anamwambia bei ya sukari imepanda. Nilidhani ni huruma. "Huruma wapi!" akasema. "Nikinyamaza, naona ataanza yeye." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Na Metroni mwenyewe? Huyo sikuthubutu kumuuliza, nilimchunguza. Akishamkagua marehemu hutoka kinyumenyume, macho kwenye kitanda, makalio yanatangulia kama gari linaloegeshwa. Mara mbili nilimwona akigonga toroli la dawa. Akageuka, akalikaripia toroli.

Sasa kitanda cha sita alilazwa mzee mmoja fundi wa pancha, na cha sita ni changu. Alikuwa na kijiwe chake karibu na njia panda: pampu moja, karai la maji, viraka na gundi. Vidole vyake vilikuwa na mistari myeusi ya mpira ambayo sabuni yetu yote haikuitoa. Mapafu yalikuwa yamekwisha. Anakaa kitako na mpira wa oksijeni puani, anasema maneno manne anapumzika, manne mengine anapumzika, na katika hayo manne lazima mojawapo liwe la utani. Daktari alipomweleza kwamba hakuna zaidi cha kufanya, alisema, "Pancha ya ukingoni. Haishiki kiraka." Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa, nikaenda kulia kidogo kwenye chumba cha dawa, halafu nikarudi kumpima presha.

Mzee huyo alikuwa na masikio ya popo. Asubuhi moja nilikuwa namhoji Mama Pacha kwa mara ya pili, nyuma ya pazia la kitanda cha saba, na tulipomaliza nikasikia, "Sista. Njoo wewe mdaku."

Nikaenda. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unaogopa maiti?"

Utamjibuje hivyo mtu ambaye anaelekea huko? Nikaanza kurekebisha mto ambao haukuwa na kosa. "Hapana, mzee, tulikuwa tunapiga soga tu."

"Mwongo. Mwanangu, nitakuwa maiti karibuni. Na wewe ndiye mwenye kitanda. Inanihusu."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitu ambacho Metroni amekataza. Nikamwambia yote: bibi mwembamba, kiatu, mashuka machafu, mtihani, jicho moja. Nilipofika kwenye "mbona mapema hivi" mzee alicheka mpaka akakosa pumzi, nikamwongezea oksijeni huku nimenuna. Akafuta machozi. Akanyoosha kidole. "Nipe glavu."

Nikampa glavu mpya kutoka mfukoni. Akaikataa. "Mimi sina upepo. Ipulize wewe." Nikaipuliza ikasimama vidole vitano. "Usiifunge, shika shingo yake kwa vidole. Ilaze hapo kitandani. Sasa igeuze, huku umelegeza." Nikalegeza kidogo na kuigeuza, nayo ikalia, "Frrrhhhaa."

"Imekufa au iko hai?" akauliza.

"Mzee, glavu haijawahi kuwa hai."

"Mbona imeguna?"

Mambo hayo hayo nilishayaandika kwenye mtihani, lakini hakuna aliyewahi kunipa niyashike.

Akapumzika, akaendelea, maneno manne manne. Fundi hafungui tairi lililojaa, alisema. Wanafunzi wake wote walifanya kosa hilo wiki ya kwanza: wanaingiza chuma kwenye rimu, upepo unatoka kwa ghafla, wanaruka hatua tatu nyuma. Fundi anabonyeza kwanza ulimi wa valvu. Anautoa upepo mwenyewe, polepole, anausikiliza mpaka umalizike, ndipo anafungua. "Upepo ni ule ule. Ila umeutoa wewe." Halafu akachukua mkono wangu akauweka katikati ya kifua chake, juu ya mbavu zilizokuwa zinapanda na kushuka kwa shida. "Valvu yangu iko hapa. Bonyeza kabla hujanigeuza. Usikie mwenyewe."

Jamani, mtu anakufundisha namna ya kumwandaa, na mkono wako uko juu ya moyo wake unaopiga. Nilitaka kuuondoa. Hakuniachia.

"Nina shida moja," akasema. Kaka yake alipofariki, miaka mingi iliyopita, walimkuta mdomo wazi. Walihangaika naye, haukufunga. "Alikuwa mtu wa kucheka. Nikijaribu kukumbuka anavyocheka, naona ule mdomo." Akarekebisha mpira wa oksijeni puani. "Nina binti mmoja. Mwalimu wa watoto wadogo, huko mbali. Mwoga wa kila kitu. Sitaki abaki na sura hiyo."

Nikamkumbuka yule kijana na kiganja chake.

"Utakuja?" akaniuliza.

"Naja, mzee," nikasema. Mdomo umezoea.

"Hilo ndilo ninaloliogopa," akajibu, na kumbe jina langu alikuwa nalo siku zote. Nikaona haya. Nikamwambia, "Nitakuja, baba. Mimi mwenyewe." Naye akaupigapiga mkono wangu kama anayethibitisha tairi limejaa, akasema, "Na mimi nitajitahidi nisikushtue."

Ahadi ni kitu kizito ukishaibeba mpaka nyumbani. Jumapili ile baba watoto alikuwa amejilaza kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, mdomo wazi, redio inatangaza mpira. Nikasimama kumwangalia. Nikajiambia, si kifua hiki hapa? Nikapiga magoti, nikaweka kiganja, nikabonyeza taratibu. Upepo ukatoka, "fuuu." Nikabonyeza tena. Akafumbua jicho moja.

Nilipiga ukelele mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

"Hebu subiri," mume wangu akasema, amekaa kitako, nywele upande. "Mimi ndiye niliyelala. Mimi ndiye ninayekandamizwa. Halafu wewe ndiye unayepiga kelele?"

Ikabidi nimweleze. Miaka yote hiyo ya ndoa hakujua. Alidhani zamu zangu za Jumapili ni bidii. Hakucheka, na hilo nitamshukuru siku zote. Alishuka kwenye kochi akalala sakafuni juu ya zulia, akakunja mikono. "Haya, nigeuze." Nikamgeuza. Akaguna makusudi. Nikaruka. "Tena," akasema. Nikamgeuza tena, akaguna tena, safari hii na "mbona mapema" juu yake, shetani mkubwa yule. Tulirudia mpaka mtoto wetu wa kike akaingia sebuleni, akatuangalia, akatoka bila kuuliza. Kufika mara ya kumi na kitu sikuruka. Moyo ulidunda tu.

Kila asubuhi baada ya hapo Fundi aliniuliza, "Umefikia wapi?" kama anamkagua mwanafunzi wake. Nikamwambia habari za zulia, akanitaka nimletee huyo mume amsalimie. Nikamwambia nimesimama na Kaka Redio ndani ya pazia alipokuwa anamwandaa mgonjwa wa kitanda cha pili, nimebaki mpaka pale pa kugeuza, halafu nikaziba masikio. "Si mbaya," akasema. "Mwanafunzi wangu wa kwanza alikimbia na pampu." Nilikuwa nacheka naye na huku naona kucha zake zimebadilika rangi. Maneno manne yakawa matatu. Yakawa mawili. Jumatano aliniangalia tu, akainua nyusi, nami nikajua anauliza nimefikia wapi. Nikamwambia, "Bado kidogo, baba. Nimekaribia."

Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa nagawa dawa. Nilipofika cha sita nikasikia ukimya kabla sijaona kitu. Ile mashine ya oksijeni inatoa povu kwenye chupa yake, lakini kifua kimetulia. Nikamwita. Nikamshika shingoni. Daktari akaja, akasikiliza, akaangalia saa yake, akaandika. Binti alipigiwa simu. Alikuwa tayari njiani tangu alfajiri, angefika saa nane.

Kaka Redio akanisogelea. Mtu mwema yule, pamoja na amri ya Metroni. "Sista, nenda kagawe dawa. Nitamwandaa mimi haraka haraka, hakuna atakayejua." Miguu yangu, nawaambia ukweli, ilishageuka kuelekea stoo yenyewe bila kuniuliza. Maboksi ya sindano yalikuwa kule. Nilitazama ule mlango, halafu nikatazama pazia la cha sita.

"Shika toroli la dawa," nikamwambia. "Mimi naja."

Nikaingia nikavuta pazia.

Nilianza na bendeji, kabla ya kitu kingine chochote. Nikamwondolea mpira wa oksijeni, nikamfumba macho na kuyashikilia mpaka yakakubali. Nikapitisha bendeji chini ya kidevu, nikaileta utosini, nikafunga. Nikaitazama, nikaifungua, nikaifunga upya kwa sababu ilimkunja shavu. Mdomo ulikaa vizuri. Alionekana mtu anayesubiri umalize kuongea ili akutanie. Nikamwosha uso. Nikaosha mikono yake, kidole kwa kidole, na ile mistari myeusi nikaiacha, ni yake. Mwili wangu ulikuwa unanisisimka kuanzia kisogoni hadi kwenye visigino, msidhani nilikuwa shujaa.

Ikafika pa kumgeuza.

"Baba," nikasema kwa sauti, maana nilimwelewa Kaka Redio sasa, "naweka mkono kwenye valvu." Nikaweka kiganja pale pale aliponionyesha. Kifua kilikuwa bado na uvuguvugu. Nikajikaza. Nikabonyeza polepole, nimeinamisha sikio, nasubiri ile sauti.

Kimya.

Nikadhani sijabonyeza vizuri. Nikabonyeza tena kwa uzito zaidi. Hakuna kitu. Nikamshika bega na nyonga, nikavuta pumzi yangu mwenyewe, nikamvuta kwangu taratibu, uso wake ukaja karibu na sikio langu kama ule wa bibi. Kimya. Nikamwosha mgongo, nikamfuta, nikamrudisha chali. Sikusikia hata kikohozi cha mbu.

Hapo nilitakiwa nifurahi. Miaka kumi na moja nimekimbia sauti hiyo, na leo haipo, kazi imekwisha, si nimshukuru Mungu nikafunge shuka? Badala yake nikamgeuza tena. Hakukuwa na sababu, mgongo ulishakuwa safi. Nikamgeuza upande wa pili pia. Nikasikiliza. Nilikuwa nataka aniulize mbona mapema. Nilikuwa na jibu lake. Ningemwambia, ni kweli, baba, ni mapema mno.

"Sista Naja!" Metroni alikuwa nje ya pazia. "Umemaliza?"

"Bado, Metroni."

"Kuna tatizo?"

"Hapana. Nasikiliza kidogo."

Nilidhani atafoka. Pazia likasogea, akaingia, akasimama karibu yangu, miwani kifuani. Alimwangalia mzee, akaiangalia bendeji, akaniangalia mimi. Alishika ncha ya pili ya shuka tukamfunika pamoja mpaka mabegani, uso tukauacha kwa ajili ya binti. Kisha akaondoka, kinyumenyume, na safari hii nilimshikia pazia asigonge kitu.

Saa nane binti alifika na begi mgongoni na vumbi la safari miguuni. Mwoga kweli, alisimama mlangoni mwa wodi akakataa kusogea, nikamfuata nikamshika mkono. "Twende pamoja," nikamwambia. "Na mimi ni mwoga mwenzio." Tulitembea hatua fupi fupi. Nilipofungua pazia alifumba macho, akakaa hivyo muda, halafu akafumbua.

Alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Mabega yakamshuka. Akasogea mwenyewe bila kuvutwa, akagusa shavu lake kwa nyuma ya vidole.

"Ni yeye," akasema. "Anafanana na yeye."

Alilia kidogo, akajifuta, akakumbuka adabu, maana alikuwa amelelewa na yule mzee. Akanigeukia kama ndugu wote wanavyofanya, wanapotaka kushukuru na hawajui waanzie wapi.

"Sista, alikusumbua sana?"

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Aliniahidi hatanishtua." Na hapo sauti yangu mwenyewe ikakatika, ikabidi yeye ndiye anishike mkono. "Hata kuguna hakuguna."